Salfa ya mikorosho na salfa ya vidonge si ndugu

Swali: "Nina miaka 34, naishi Tandahimba. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua nashikwa na chafya, pua inatiririka kama maji, macho yananiwasha mpaka nayafikicha yanakuwa mekundu. Siku wanazopuliza salfa ndiyo balaa, hata kifua kinabana. Nina aleji ya salfa, maana zamani nilikunywa Septrin nikatoka vipele mwili mzima, na nilipokuwa mjamzito kliniki hawakunipa SP, ile ya kukinga malaria, kwa sababu hiyo. Je, ni salfa hiyohiyo? Nakunywa Piriton lakini nasinzia mpaka kwenye kubangua korosho. Jirani kanipa vidonge vidogo vya deksa, hivyo ndivyo vinavyonisaidia kweli. Bibi anasema nijifukize mwarobaini na nitie mafuta ya habasoda puani. Mwanangu wa miaka 5 naye kaanza kupiga chafya. Nifanyeje?"

Jibu:

Mama, kwanza mfikishie bibi shikamoo yangu. Ushauri wake nitaurudia huko mbele, na si wote nitakaoupinga.

Nianze na salfa. Swali lako naulizwa hapa dirishani, kwenye duka la dawa, kila msimu, na siku moja nilimkuta baba mmoja ameuza zamu yake ya kupuliza kwa sababu mkewe "ana aleji ya salfa kwenye kadi". Neno moja tumelitwika mizigo miwili. Salfa ya mikorosho ni kiberiti, ule unga wa manjano mnaoupuliza kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ni elementi tupu. Salfa ya vidonge ni jina la mkato la kundi la dawa ziitwazo salfonamidi: imo ndani ya Septrin, imo ndani ya SP, na imo pia kwenye ile krimu nyeupe wanayopakwa watu walioungua moto. Dawa hizo zina chembe ya salfa katika umbo lake, ndiyo asili ya jina, lakini mwili wako ulipotoa vipele haukuwa unaikataa chembe hiyo. Uliikataa dawa nzima jinsi ilivyoundwa. Salfa yenyewe unayo kwenye misuli, nywele na kucha zako, na unaila kila unapokula yai au kitunguu.

Kwa hiyo vipele vya Septrin havikuzuii kukaa penye mikorosho, na mikorosho haikuongezei hatari ya Septrin. Ila hilo la Septrin lishike kwa mikono miwili. Usiinywe tena, wala SP, na ukifika zahanati yoyote useme hivi: "Nilikunywa Septrin nikatoka vipele mwili mzima." Usiseme tu "nina aleji ya salfa", kwa sababu mhudumu anayekusikia hajui unasemea kidonge au shamba. Na kama siku ile ngozi ilibabuka, au ulitoka vidonda mdomoni na machoni, liseme hilo wazi, kwa kuwa aina hiyo ya mzio, yaani aleji, inaweza kuua dawa ikirudiwa. Ukipata ujauzito tena bila SP, chandarua kila usiku, na homa yoyote ikapimwe siku hiyohiyo.

Sasa utauliza: kama si aleji, mbona salfa inanitesa? Inakutesa kwa sababu ni vumbi kali. Hapa ndipo ningependa tuelewane vizuri, maana dawa yako yote inategemea hapa. Mzio ni mwili kukosea adui. Chavua ya ua, kinyesi cha kidudu cha vumbi, vitu ambavyo havimdhuru mtu, mwili wako unavipigia mbiu, chembe fulani puani na machoni zinamwaga kitu kinachoitwa histamini, na histamini ndiyo inayoleta muwasho, chafya za mfululizo na kamasi jepesi kama maji. Dawa kama Piriton kazi yake ni kuizibia histamini mlango. Mwasho wa vumbi ni jambo jingine: salfa ikitua kwenye jicho lenye machozi au koo lenye unyevu inachoma, kama pilipili inavyomchoma kila mtu. Hapo hakuna mlango wa kuziba. Unaweza kumeza Piriton kumi na vumbi likaendelea kuchoma.

Jipime mwenyewe. Je, siku ya salfa hata mumeo na vijana macho yanawachoma na wanakohoa? Basi siku hiyo ni mwasho. Je, kuna siku hakuna anayepuliza, wengine wazima, wewe peke yako unapiga chafya kumi kwa mpigo na paa la mdomo linakuwasha? Huo ni mzio. Kwa maelezo yako naona unayo yote mawili, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa uwanda wa Makonde. Maua yanatoka kipindi cha kusi, majani ya porini yametoka kuchanua mwisho wa mvua, na katikati ya hayo mashine za salfa zinaunguruma kila alfajiri. Chavua ya mkorosho yenyewe inaweza kuleta mzio. Kule Goa, India, ambako Wareno nao walipeleka mikorosho, madaktari waliandika mwaka 1995 juu ya wagonjwa wa pumu waliokuwa na mzio wa chavua hiyo.

Lakini neno lililonishtua kwenye swali lako ni moja, nawe umelitaja kama kitu cha kupita: kifua kinabana. Pua inayotiririka inaudhi, kifua kinachobana kinaweza kuua. Mzio wa pua na pumu hutembea pamoja, na vumbi la salfa huchokoza njia za hewa. Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka bonde la Salinas, California, ambako salfa hupulizwa mashambani, ulikuta watoto waliokaa karibu na mashamba yenye salfa nyingi wana mapafu yenye nguvu ndogo na dalili nyingi zaidi za pumu. Kwa hiyo kabla ya yote nenda kituo cha afya, mwambie mganga kwamba unabanwa kifua, na umweleze kama unakohoa usiku au alfajiri, na kama pana mluzi ukitoa pumzi. Akiona ni pumu utapewa dawa ya kuvuta, si sharubati ya kikohozi na si Piriton. Usingoje msimu uishe.

Siku za kupuliza sasa. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu unajua saa. Siku ya shamba lenu, na siku ya shamba la jirani pia, wewe na mtoto msiwe upande unakoelekea upepo. Nguo zisiachwe kambani usiku wa kuamkia. Mumeo akirudi avue nguo nje na aoge kabla hajaingia ndani au kumbeba mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Kanga ya kufunga puani inazuia chembe kubwa tu, barakoa inayobana vizuri usoni ni bora zaidi, na anayeshika mashine anahitaji na miwani. Yupo atakayekwambia hamieni dawa za maji. Zipo, na hazina vumbi lile, lakini nazo ni sumu zenye masharti yake. Zungumzeni na bwana shamba. Unga ukiingia jichoni, usifikiche: mimina maji safi kwa dakika 15, jicho likiwa wazi.

Kwa upande wa mzio, Piriton si mbaya, imezeeka tu. Ni klorofeniramini, inaingia mpaka ubongoni, ndiyo maana unasinzia. Kusinzia mbele ya korosho na kisu cha kubangulia si mzaha, na dereva wa bodaboda anayemeza Piriton mchana simtaki barabarani. Ukichanganya na uraka, ile pombe ya mabibo, ndiyo umelala kabisa. Hata wazee wanaume wanaweza kuzibwa mkojo nayo. Uliza duka la dawa muhimu au famasi kidonge cha loratadini au setirizini, miligramu 10, kimoja kwa siku. Loratadini haileti usingizi kwa watu wengi. Setirizini huwalegeza baadhi, hao wainywe jioni. Usinywe viwili vya aina hizi kwa pamoja, wala usiongeze Piriton juu yake. Na soma maboksi ya vidonge vya mafua vya mchanganyiko: vingi ndani yake mna hiyohiyo klorofeniramini pamoja na parasetamoli, kwa hiyo mtu anadhani anakunywa dawa tatu kumbe anarudia moja. Kama una mimba sasa au unanyonyesha, sema kabla hujauziwa chochote.

Hata hivyo kidonge hakifungui sana pua iliyoziba. Dawa ya pua yenye nguvu kuliko zote kwa mzio wa msimu ni ile ya kupuliza yenye steroidi kidogo, yaani dawa ya kutuliza uvimbe: beklometasoni au flutikasoni. Watu huikimbia kwa sababu mbili: wanaitaka ifanye kazi leo, na wanaipuliza vibaya. Haifanyi kazi leo. Inachukua siku kadhaa, na nguvu yake kamili unaiona baada ya wiki mbili hivi, kwa kuitumia kila siku. Mtu anayejua kwamba Juni itamkuta anaianza Mei. Namna ya kupuliza: safisha pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo kama unatazama vidole vya miguu, pua ya kulia tumia mkono wa kushoto na ya kushoto mkono wa kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio, usielekee ukuta wa kati. Puliza huku ukivuta hewa taratibu, usinuse kwa nguvu. Ukiisikia kooni, imepotea. Wanaotokwa damu puani kwa dawa hii wengi wao wanaupulizia ukuta wa kati. Uandikiwe na mganga kwanza. Na muuzaji akikupa badala yake matone ya kufungua pua papo hapo, siku tano ziwe mwisho, maana ukizidisha pua huziba zaidi kila unapoyaacha.

Kuna dawa ya bei ya chumvi nayo naipenda sana, kwa kuwa inafanya kazi kwa mzio na kwa mwasho pia: inaosha kilichoingia. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, yafunike, yapoe yawe ya uvuguvugu. Chukua kikombe cha mililita 250, tia nusu ya kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida, kilichosawazishwa kwa kisu. Nunua bomba la mililita 20, sindano itupwe. Inamia beseni, geuza kichwa upande, fungua mdomo upumue kwa mdomo, kisha sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu yatokee la chini. Mara ya kwanza utadhani unazama. Mara ya tatu utazoea. Fanya jioni baada ya shamba, kabla ya dawa ya kupuliza. Sisitizo langu ni kwenye kuchemsha, na kwenu Tandahimba nasisitiza mara mbili, maana maji mengi ni ya mvua yaliyovunwa kwenye bati, na bati hilohilo ndilo linalotuliwa na vumbi la msimu mzima. Maji mabichi yakipanda puani yanaweza kubeba vimelea hatari. Jamaa wa Mikindani huniambia wao wanatumia bahari. Bahari ina chumvi karibu mara nne ya inayotakiwa, na mengine yasiyotakiwa.

Macho: kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Acha kufikicha, kila ukifikicha histamini nyingine inamwagika. Yakizidi, uliza matone ya kromoglikati. Matone yenye steroidi usiyaguse bila kupimwa jicho, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Tuje kwa deksa. Umeandika "vinanisaidia kweli", nami sina sababu ya kukubishia. Vinasaidia. Deksamethasoni ni steroidi kali: kidonge kile kidogo cha nusu miligramu ni sawa na miligramu 3 na kitu za prednisoloni, steroidi nyingine ya vidonge. Ukimeza, mzio unanyamaza, maumivu ya mgongo yananyamaza, hamu ya chakula inarudi, mashavu yanajaa, na kijijini wanasema mama fulani amenawiri. Kuna wanaoinunua makusudi wanenepe. Kinachoendelea ndani hakionekani: sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu, tumbo linachimbika vidonda, na maambukizi yanapita bila homa ya kukuonya. Tena tezi zako zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ndiyo maana aliyeitumia muda mrefu akikata ghafla anaweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika na presha kushuka vibaya.

Kwa hiyo hesabu, mama. Kama umemeza siku tatu nne, acha leo. Kama ni wiki tatu au zaidi, au umekuwa ukimeza na kuacha kila mwezi, usikate peke yako: chukua hilo pakiti, nenda nalo kwa daktari, akupunguzie hatua kwa hatua. Jirani hakukutakia mabaya. Alikupa kilichomfaa yeye. Nami nakubali lawama ya sisi wa dirishani, maana deksa yake lazima ilitoka kwenye duka la mtu. Tofauti ya deksa na ile dawa ya kupuliza puani, ingawa zote ni steroidi, ni kama tofauti ya kumwagilia mche mmoja kwa kopo na kufungulia mto shambani.

Bibi sasa. Kujifukiza kunalainisha kamasi na kunaburudisha, kwa mtu mzima anayekaa mbali na sufuria sina ugomvi nako, ila mvuke ni wa maji, mwarobaini hauongezi tiba ya mzio. Mwenye pumu mvuke wenye harufu kali unaweza kumbana zaidi, kwa hiyo wewe ngoja kwanza upimwe kifua. Mtoto asifunikwe blanketi juu ya maji ya moto hata kwa dakika moja. Nimeona mapaja yaliyoungua kwa nyungu na sitaki kuyaona tena. Habasoda ina tafiti ndogondogo zilizoonyesha nafuu kidogo kwa mzio wa pua. Akikupa punje kwenye chakula, kula. Mafuta puani nayakataa, kwa sababu mafuta yakivutwa yanaweza kushuka mapafuni. Asali inatuliza koo, haizuii mzio, na asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Tangawizi kunywa upendavyo. Mafuta ya nazi kwenye ngozi kavu inayowasha, hapo bibi ameshinda.

Kwa kuwa unabangua, niingize moja ambalo hukuuliza. Mafuta meusi ya ganda la korosho yanachubua ngozi ya yeyote, na baadhi ya watu huwapa mzio kabisa: malengelenge vidoleni, kisha macho kuvimba kwa sababu walijigusa. Glovu, na osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa uso. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndiyo maana wengine utomvu wa ganda la embe huwatoa vipele midomoni. Hayo ni ya ngozi. Mtu akila korosho yenyewe kisha midomo na ulimi vikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikawa ngumu, mwili ukatoka mabonge au akaishiwa nguvu, hapo hakuna Piriton wala habasoda. Mlaze, miguu juu, kama anapumua kwa shida mkalishe, na akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu akachomwe adrenalini kwenye paja. Kidonge kiwe baadaye.

Na kama hata Februari, bila ua wala salfa, unaamka na chafya kitandani, tazama mto wako. Sufi ya miaka kumi kwenye unyevu wa pwani yetu ni kijiji cha vidudu vya vumbi. Badilisha mto, shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro litolewe juani.

Mtoto wa miaka 5: setirizini ya maji yenye miligramu 5 katika mililita 5, apewe mililita 2.5 asubuhi na 2.5 jioni, baada ya kumwonyesha kwa mganga mara ya kwanza. Pima kwa kikopo au bomba lililomo kwenye boksi. Vijiko vya jikoni nimevipima mimi mwenyewe dukani, viwili vya nyumba moja havikulingana. Chupa kabla ya kutoka nayo dukani isome, isiwe ya mchanganyiko wa mafua. Deksa asionjeshwe. Na mwangalie macho: akiwa hawezi kuyafungua juani asubuhi, anatoa utandu mzito kama uzi, au weupe wa jicho umeanza kuwa wa kahawia, huyo mpeleke kwa mtaalamu wa macho mwezi huu, usingoje mikorosho ipukutishe maua.